Gesi inavuja na husikii kitu? Mwongozo kamili wa kuitafuta kwa sauti, kwa mafundi wa Tanga na wenye mitungi nyumbani

Gesi inayovuja kwenye presha kubwa inapiga kelele. Shida ni kwamba kelele yenyewe sehemu kubwa ipo juu ya pale sikio la binadamu linapoishia, manake sisi tunasikia kuanzia 20 Hz (mitetemo 20 kwa sekunde) mpaka kama 20,000 Hz, na hizo za juu ni za watoto, ukishaanza kuitwa babu nyingi zimeshakuaga. Ndo maana unaweza kukuta gereji pale Ngamiani kompresa inawaka kila baada ya dakika mbili tatu, hakuna anayejaza tairi wala anayepiga rangi, afu fundi mwenyewe anakwambia mbona hamna kitu. Kitu kipo, sema yeye hana sikio lake.

Nitaongea zaidi hewa ya kompresa kwa sababu hewa haiwaki na ndo mahali pazuri pa kujifunzia, afu tutaenda kwenye mitungi ya kupikia, oksijeni na asetilini za wachomeleaji, kidogo amonia ya mitambo ya barafu, na mwisho bomba lililofukiwa. Na kuna jambo moja nitalirudia mpaka mnichoke: kuisikia gesi ni rahisi, kazi ipo kwenye kujua inatokea wapi, na hilo unalipata kwa kuziba sauti zingine, sio kwa kutega sikio zaidi.

Kama tayari unanusa gesi, weka kifaa chini

Mama ntilie wa Makorora akikupigia simu "mwanangu njoo, mtungi wangu unanuka", usimwambie subiri nije na mashine. Mwambie "mama, funga koki ya mtungi, zima moto wote mpaka mkaa, fungua milango na madirisha, usiwashe wala usizime taa, toeni watu nje, na simu hiyo ongea nayo ukiwa uani". Gesi ya kupikia ni propani na butani, zote nzito kuliko hewa, propani kama mara moja na nusu na butani kama mara mbili, kwa hiyo inatambaa chini, inakaa kwenye pembe, kwenye shimo la maji machafu, chini ya kabati. Dirisha la juu peke yake halisaidii sana, mlango ndo unaisomba. Na haihitaji kujaa nyumba nzima ndo iwake, propani ikifika asilimia 2 tu ya hewa ya pale inatosha kushika moto. Kama koki haifungi au mtungi unapuliza, toka, piga 114 ya zimamoto, na usijifanye shujaa.

Harufu ile sio ya gesi yenyewe, gesi haina harufu, wanaiwekea dawa inayonuka makusudi. Kwa hiyo pua yako ni kigunduzi cha kwanza na huna haja ya kukidharau. Mashine ya sauti ni ya kutafuta pale ambapo pua haifiki, au gesi yenyewe haina harufu, kama hewa, oksijeni na naitrojeni.

Na jambo lingine la usalama ambalo watu wanalipita mbio: kifaa chochote cha umeme, simu yako ikiwemo, hakiingii kwenye wingu la gesi inayowaka kama hakikutengenezwa kwa mazingira hayo. Vilivyotengenezwa vina alama ya Ex ndani ya umbo la pembe sita. Huna chenye alama hiyo, basi kifaa chako ni cha hewa tu na sehemu zilizokwisha kupepewa vizuri.

Kelele inatoka wapi

Gesi ikibanwa ndani ya bomba afu ikapata kitundu, inachomoka kwa kasi na kugongana na hewa ya nje iliyotulia. Pale inajisokota vibaya, na ule msokotano ndo unaotoa sauti ya "ssss", sauti iliyochanganyika masafa mengi (yani kasi nyingi za mtetemo) kwa wakati mmoja, ya chini unayoyasikia na ya juu usiyoyasikia. Vifaa vingi vinasikiliza pale kwenye 40 kHz hivi, yani 40,000 Hz. Kwa nini huko? Kwa sababu kelele za kiwandani, mota, feni, watu wanaopigizana kelele, redio ya mpira, nyingi zinaishia chini ya hapo. Ukipanda juu kunakuwa kumetulia, na aliyebaki anaongea mara nyingi ni mvujo.

Faida ya pili ni kubwa zaidi. Kwa joto letu la Tanga, nyuzi 30 hivi, sauti inakwenda kama mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la 40 kHz lina urefu wa milimita 9 hivi tu. Wimbi fupi namna hiyo halizunguki vitu, linakwenda mbele kama mwanga wa tochi, ukiliwekea kipande cha boksi linakatika. Pia linachoka haraka hewani. Hizo tabia mbili ndo zinatupa uwezo wa kulielekea mpaka kwenye kitundu chenyewe, manake ukisogea unaisikia inapanda na ukigeuka pembeni inashuka ghafla.

Kifaa hakikuletei ile 40 kHz sikioni, ungekuwa bado huisikii. Kinaichanganya na sauti yake nyingine ya ndani, tuseme 38 kHz, tofauti yake inabaki 2 kHz, na hiyo ndo inayoingia kwenye hedifoni. Kwa hiyo unachosikia ni tafsiri ya mvujo, na ukizoea utakuta mvujo wa gesi una mvumo wake laini usiokatika, tofauti na chuma kinachosuguana.

Presha ipi inaongea na ipi inanyamaza

Hapa ndo watu wengi wanapotea na kutupa hela. Ili mvujo upige kelele vizuri, presha ya ndani iwe angalau kama mara mbili ya ile ya hewa ya nje, yani geji isome kama bari 1 kwenda juu. Ikifika hapo gesi inatoka kitunduni kwa kasi ya sauti yenyewe na kelele inakuwa ya uhakika. Chini ya hapo inafifia, na ukishuka sana inanyamaza kabisa.

Sasa angalia jiko lako. Ndani ya mtungi wa kilo 6 au 15 kuna bari kadhaa, inategemea joto na mchanganyiko wa propani na butani. Lakini ikishapita regyuleta ya nyumbani inashuka mpaka kama milibari 30, na bari 1 ni milibari 1,000. Yani mpira wako wa jiko umebeba presha ndogo kiasi kwamba ukichanika kidogo unaweza kumwaga gesi ya hatari kimyakimya, na mashine ya milioni kadhaa isikwambie lolote. Kwa mpira na jiko, tumia povu la sabuni. Atakayekuja kukuuzia "kigunduzi cha sauti cha jikoni", mwulize kinasikia milibari ngapi uone atakavyobabaika.

Sauti inafaa kabla ya regyuleta: koki ya mtungi, nati ya regyuleta, na ile mitungi ya kilo 38 iliyopangwa nyuma ya hoteli ikaunganishwa kwa mipira ya presha kubwa mpaka bomba moja. Inafaa kwenye hewa ya kompresa ambayo kawaida ni bari 6 mpaka 8, kwenye oksijeni ambayo mtungi ukijaa unaweza kuwa na bari 150 au 200, na upande wa presha kubwa wa mtambo wa barafu.

Kuna na kinyume chake, sehemu inayonyonya, kama pampu ya vakyumu. Pale hewa inaingia badala ya kutoka, msokotano unatokea ndani ya bomba, kwa hiyo nje unasikia kidogo sana. Inawezekana kuupata ila usogee karibu kabisa na uongeze usikivu wa kifaa.

Vifaa, kuanzia vya bure

Simu uliyonayo. Apu za kuonyesha masafa, Spectroid kwa mfano, zinachora sauti kuanzia chini mpaka kama 20 kHz au zaidi kidogo. Huko sio kwenye 40 ila mvujo mkubwa wa hewa unaonekana, ule mchoro unanyanyuka upande wa kulia wote kwa pamoja unapouelekeza mdomo wa simu kwenye kitundu. Nzuri kwa kujifunza, nzuri kwa gereji ya hewa, marufuku kwenye gesi inayowaka, nimeshasema.

Cha kuunda mwenyewe. Vile vijisensa viwili vya duara vya kupimia umbali wanavyochezea vijana wa elektroniki vinasikiliza hapohapo kwenye 40 kHz. Anayejua kuchomelea saketi anachukua kile cha kupokea, anaweka amplifaya na kichanganyio, anapata kifaa cha kueleweka kwa bei ya pilau ya watu wachache. Wanaovijua vifaa vya kusikilizia popo watagundua ni kitu kilekile, manake popo wanaokula wadudu, hawa wa kwenye mapango ya Amboni, nao wanapiga sauti zao huko juu.

Cha kushika mkononi cha kitaalamu, mfano Ultraprobe za UE Systems, kinakuja na hedifoni zinazoziba masikio, kitufe cha kuzungusha cha kurekebisha usikivu, kisomeo cha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti), pua ya mpira ya kuchongea mwelekeo, na sindano ndefu ya kugusisha kwenye chuma. Kama unafanya kazi ya viwanda, Pongwe huko au bandarini, hiki ndo cha kuanzia maisha.

Afu kuna kamera za sauti. Fluke ii900 ina maikrofoni 64, FLIR Si124 ina 124, na zote zinakuonyesha picha ya mitambo yako afu doa la rangi palipo na mvujo. Inavyojua ni hivi: sauti ikitokea kushoto inazifikia maikrofoni za kushoto kwanza, na kukata sentimita 10 inachukua kama sehemu 3 za elfu kumi za sekunde, kompyuta inapima hizo tofauti zote na kurudisha nyuma mpaka chanzo. Ni tamu, unapata mvujo wa darini ukiwa umesimama chini. Bei yake lakini ni ya gari, kwa hiyo mi naiona ni ya kukodi au ya kampuni yenye eneo kubwa, sio ya fundi anayeanza.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Chagua saa. Sauti za kawaida hazisumbui sana ila hewa nyingine inasumbua, kwa hiyo wakati wa chakula cha mchana au Jumapili ni mzuri, kompresa ikiwa imejaza na mashine zimezimwa. Ukiwa nje karibu na bahari, Raskazone au Deep Sea, usiende Kusi linapovuma sana, upepo unaopita kwenye pua ya kifaa unatoa mvumo wa aina ileile ya mvujo na utakimbizana na hewa ya Mungu mchana kutwa. Asubuhi mapema kabla upepo haujaamka ndo saa yake.

Chora ramani, hata kwenye daftari la mtoto. Tangi, bomba kuu, matawi, koki, mipira. Mvujo haupendi bomba lililonyooka, unapenda maungio: yunioni (ungio la nati linalofungulika), kapula za kuchomeka haraka, geji, kichujio, koki ya kutolea maji chini ya tangi (hiyo iangalie mara mbili), na mpira pale unapobanwa na klipu. Hapa kwetu ongeza na chumvi ya bahari, mabomba ya nje yanaliwa kuanzia kwenye nyuzi ambapo rangi imetoka.

Anza mbali, usikivu juu. Simama kama mita 5 au 6, zungusha pua polepole juu chini kushoto kulia, ukisikia inapanda simama. Sogea. Sauti itazidi mpaka ijae kila upande na hutajua tena ilipo, hapo ndo wengi wanaanza kubahatisha. Shusha usikivu mpaka uisikie kwa mbali tu, zungusha tena, sogea tena, shusha tena. Unasogea unashusha, unasogea unashusha, mpaka umefika sentimita chache. Kila umbali ukipungua kwa nusu unaongezeka kama desibeli 6, kwa hiyo kama unasogea na namba haipandi jua unakielekea kitu kingine, pengine mwangwi.

Ukifika kwenye mkusanyiko wa maungio vaa pua ya mpira. Inakata sauti za pembeni na kukuachia sehemu ndogo. Igusishe karibu na kila ungio, zungukia duara lote, manake yunioni inaweza kuvuja upande wa nyuma unaotazama ukuta na mbele ikawa kimya kabisa.

Sasa kuziba. Hapa kaa kidogo, ndo moyo wa kazi. Tuseme kwenye ukuta kuna kichujio, regyuleta ya hewa na kapula mbili zimebanana kwenye kiganja kimoja, na kila unapoelekeza unasikia "ssss". Chukua tambara nene, lifunge kwenye kapula ya kwanza mpaka ipotee yote. Sikiliza regyuleta. Bado ipo? Hamishia tambara kwenye kapula ya pili. Sauti ikifa ghafla ulipofunika mahali fulani, umempata. Ikipungua nusu, wapo wawili. Kipande cha boksi kinafanya kazi hiyohiyo, kisimamishe kati ya ungio na ungio, upande mmoja utulie usikilize mwingine. Hata mwili wako ni ukuta, geuka mgongo uelekee kile kinachokusumbua afu sikiliza mbele. Kwenye gereji moja ya matairi karibu na barabara ya 13 kapula zote zilikuwa zinalaumiwa kwa miezi, wamezibadilisha, wamezungushia tepu nyeupe mpaka zimenenepa, na zilipofunikwa tambara moja moja kelele iliyobaki ilitoka chini ya bakuli la kichujio, kaoringi, kile kiraba cha duara, kamekauka kamepasuka upana wa ukucha. Oringi moja tu, wakanyamaza.

Mwisho wa hatua hii ni povu. Ukishajua mahali, paka maji ya sabuni ya vyombo uone mapovu kwa macho. Usitikise chupa, unataka povu la gesi sio la kwako. Mvujo mkubwa unapuliza maji yote bila kuacha povu, usije ukasema hamna. Na kiberiti cha kujaribia, jamani, hapana, hata kidogo, hata kwa yule anayesema amefanya miaka yote.

Vinavyodanganya

Ukuta laini, kioo, bati na vigae vinarudisha sauti. Unaelekeza kwenye ukuta na unasikia mvujo, afu unaanza kuubomoa ukuta wa watu. Dawa yake ni kubadilisha pembe: mvujo wa kweli unabaki palepale ukiusogelea kutoka kushoto au kulia, mwangwi unahama.

Umeme nao unaongea huko juu. Taa za mianzi zenye choki iliyochoka, swichi inayotoa cheche, nyaya za msongo mkubwa zenye vikombe vichafu vya chumvi, zote zinatoa sauti ya 40 kHz, ila yake ni ya kukwaruza na kukatikakatika. Grinda na mashine ya kuchomelea zizimwe kabisa. Funguo zikigongana mfukoni zinakupigia kelele kuliko mvujo wenyewe, kwa hiyo ziweke mezani.

Na valvu inayopitisha kwa ndani, haivuji nje wala hainuki ila gesi inapita ikiwa imefungwa. Hapo tumia ile sindano ya kugusa. Pima sehemu mbili kabla ya valvu na mbili baada yake, andika namba nne. Kama kelele inazidi mara baada ya valvu kuliko kabla, inapitisha. Kama inazidi kadiri unavyokwenda mbele zaidi, basi kelele inatoka huko mbele, valvu haina kosa, iache.

Mitungi, kila mmoja na tabia yake

Ya kupikia: sikiliza koki na nati ya regyuleta, koki ikiwa wazi na jiko limezimwa. Ukisikia kitu, funga, toa regyuleta, angalia kile kiraba cheusi ndani ya mdomo wa koki. Kikiwa kimepasuka au hakipo, mtungi unarudi kwa muuzaji, usikate kiraba cha ndala ukabandika. Kuanzia regyuleta mpaka jiko, povu, kila klipu na urefu wote wa mpira, hasa pale unapokunjwa na pale panya wanapopita. Serikali imeweka lengo asilimia 80 ya watu wapikie nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo mitungi itazidi kuongezeka kila nyumba, na kazi hii ya povu mjue kuifanya wenyewe bila kumsubiri fundi.

Oksijeni haiwaki lakini inafanya vingine viwake vibaya. Mafuta na grisi havigusi fitingi zake, na sabuni zingine zina mafuta ndani, kwa hiyo usimwagie sabuni yoyote tu, tumia ile dawa ya povu iliyoandikwa kwamba inafaa kwa oksijeni. Hapa ndo sauti inang'ara, presha ni kubwa, mvujo mdogo wa kwenye geji unasikika kutoka mbali bila kupaka chochote.

Asetilini inawaka kuanzia asilimia 2 na nusu ya hewa na kuendelea karibu mpaka mwisho, na baada ya regyuleta haitakiwi kuzidi bari 1.5. Sikiliza kwenye koki, mipira paka povu, na fitingi ya shaba nyekundu tupu usiiweke kabisa, zikikaa pamoja zinatengeneza kitu kinacholipuka.

Amonia ya mtambo wa barafu utainusa kabla hujavaa hedifoni, inakuchoma macho. Sauti inasaidia kwenye upande wa presha kubwa kujua ni ungio gani, ila bila barakoa yake na mtu wa pili nje ya mlango hakuna kuingia.

Bomba lililofukiwa

40 kHz haipiti udongo. Hapa tunashuka chini, kwenye sauti nzito zinazosafiri ndani ya gesi na kwenye bomba lenyewe. Unaweka sensa mbili, moja kila mwisho, na kupima ipi imesikia mvujo kwanza na kwa tofauti ya muda gani. Umbali kutoka kwa iliyosikia kwanza ni: urefu wote toa (kasi ya sauti mara tofauti ya muda), gawanya kwa 2.

Mfano bomba la hewa limepita chini ya yadi mita 60, kasi tuseme 345, tofauti ya muda sekunde 0.08. Zidisha 345 kwa 0.08 unapata 27.6. Toa kwenye 60 inabaki 32.4, gawa kwa 2, mita 16.2 kutoka kwenye sensa iliyosikia kwanza. Chimba hapo. Lakini kasi lazima iwe ya gesi iliyomo ndani, sio ya hewa unayovuta wewe: gesi asilia ni kama mita 450 kwa sekunde, propani kama 250. Hesabu hiyohiyo ikiwa ndani kuna gesi asilia inatoka mita 12, yani ukikosea kasi umechimba shimo la bure mita 4 pembeni.

Watu wanaulizia kuhusu lile bomba la kutoka Hoima mpaka Chongoleani, kilomita 1,443. Lile ni la mafuta ghafi sio gesi, na kwa urefu huo huwezi kutembea na hedifoni. Mabomba marefu ya siku hizi yanalazwa pamoja na waya wa nyuzi za kioo, mwanga unatumwa ndani, na bomba likitetemeka mahali fulani mwanga unaorudi unabadilika, wanajua ni kilomita ya ngapi.

Ukishapata

Funga kikaratasi cha rangi palepale, piga picha, andika namba ya desibeli na umbali uliopimia. Usikaze nati ikiwa na presha ndani, hasa ya zamani, funga, toa presha, ndo ushike spana. Anza na mivujo mikubwa. Kitundu cha milimita 3 kwenye bari 7 kinamwaga karibu lita 10 za hewa kila sekunde, na kompresa inakula kama kilowati 3 kuifidia, sasa zidisha kwa masaa inayowaka na bei ya yuniti uone mwenye gereji atakavyokuheshimu.

Ukimaliza kurekebisha rudi na kifaa, umbali uleule na usikivu uleule, manake mara nyingi ukiziba mmoja presha inapanda kidogo na mwingine uliokuwa umejificha nyuma yake unaanza kusikika.

Afu pima mfumo mzima bila kifaa chochote. Zima matumizi yote, acha kompresa iwake yenyewe, hesabu kwa saa ya simu inajaza kwa muda gani na inapumzika kwa muda gani. Muda wa kujaza gawa kwa jumla ya muda wote, zidisha kwa 100, hiyo ndo asilimia inayopotea. Ikijaza dakika 1 na kupumzika 4, unapoteza asilimia 20. Ikifika chini ya 10 kwa gereji ya kawaida mi naacha, naandika tarehe ukutani kwa choki pembeni ya kompresa, na narudi baada ya miezi mitatu.